Ndiva ya Nyuma ya Nyumba

Nilirudi Voi na begi moja na semista tatu za chuo ambazo hazikufika popote. Karo ilikuwa imekatika. Baba hakuniuliza kitu. Alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye kidimbwi chake, ukuta wa mawe unaofika kiunoni, tilapia ndani, sukuma wiki pembeni. "Kinavuja, mwanangu. Fundi amekuja mara mbili."

Ukiishi Voi, kuvuja si mchezo. Maji yetu ni ya safari: bomba kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, linapita likielekea Mombasa. Likikauka, ni mitungi kwenye mkokoteni na pesa mkononi. Hata wajenzi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 waliionja nyika hii. Kule Taru ilibidi wapelekewe maji kwa treni.

Fundi alikuwa amepaka simiti ndani kote na kulipwa. Kikavuja vilevile. Mimi, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda jioni, nikaanza kusoma kuhusu watu waliotunza maji kabla simiti haijafika. Ndipo nikakutana na ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la Wapare, ng'ambo tu ya mpaka ukivuka Taveta. Walizichimba kwenye miteremko tangu kabla ya ukoloni. Kijito kinaelekezwa kwa mfereji, tundu linazibwa jioni, bwawa linajaa usiku. Asubuhi linafunguliwa na mashamba ya chini yanapata kwa zamu. Kwa nini wasiache kijito kitiririke tu? Kwa sababu maji machache hunywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mbali. Yakikusanywa kwanza, yanatoka na nguvu ya kufika.

Na ndiva huvuja, usidhani. Dawa yake ni msaragambo, kazi ya pamoja: watu wanatoka, wanazoa tope, wanaziba. Asiyetokea anatozwa faini. Leo nyingi zimejengewa mawe na saruji, lakini saruji nayo hupasuka, na tope halijui saruji. Hapa kwetu tuna ushahidi: bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwenye Mto Voi ndani ya Tsavo Mashariki. Mto umelijaza tope, na ukame ukija hukauka.

Basi nikaelewa kosa letu. Tulikuwa tunalipia kuziba, hakuna aliyetafuta tundu.

Tulihamisha samaki kwenye pipa. Nikaweka ndoo ya maji kando ya kidimbwi, nikatia alama kote kuwili, maana jua la Voi nalo hunywa. Kesho yake ndoo ilikuwa imeshuka kidogo, kidimbwi sana. Tukakiacha kishuke chenyewe. Siku ya tatu kikatulia, usawa na bomba la kutolea maji. Pale pale! Simiti ilikuwa imeachana na plastiki, ufa mwembamba kama unywele.

Tulichonga ufa ukawa mpana, tukasafisha, tukalowesha, tukajaza simiti na mchanga. Wiki nzima tukaufunika gunia bichi ili usikauke haraka. Kisha tukajaza na kumwaga mara tatu, maana chokaa ya simiti mpya huua samaki. Maji ya kumwaga yaliniuma, lakini minazi miwili ya jirani ilifurahi.

Tukiwa tunachonga ndipo Baba aliponiambia. Pesa za matumizi yangu chuoni zilikuwa zikitoka humo, samaki kwa samaki. Kidimbwi kilipoanza kuvuja, samaki wakafa, nami nikaanza kupigiwa simu kwamba "mambo ni magumu kidogo." Nilidhani ni maneno tu ya wazazi.

Sijarudi chuoni. Sijui kama nitarudi. Ila kila Jumamosi asubuhi, sisi wawili tunazoa tope na kukagua ile alama ukutani. Nikichelewa kuamka, Baba ananitoza faini: chai na mandazi.