Deheni, Vanishi na Rangi ya Gari

Kabla gari halijafika Palma na Mocímboa da Praia, watu wa pwani hii walishajua kutunza uso wa chombo. Mbao za jahazi zilipakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki nguoni. Sehemu inayokaa majini ilipakwa deheni, yaani chokaa na mafuta, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Deheni ikiisha, chombo kinapandishwa pwani, kinapakwa tena. Inaliwa yenyewe ili mbao zipone.

Magari ya mwanzo Ulaya na Marekani nayo yalipakwa kwa brashi, vanishi juu ya vanishi, kama magari ya farasi. Kazi ya gari moja ingeweza kuchukua wiki kadhaa. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ikaleta Duco, rangi ya kupuliza inayokauka kwa saa chache tu. Halafu, kuanzia miaka ya 1980, magari mengi yakawa yanapakwa rangi nyembamba na juu yake tabaka jingine lisilo na rangi, linalong'aa kama kioo.

Sasa haya yanatuhusu nini? Vijana wa kikundi chetu hapa kambini wanasugua magari wapate hela ya sabuni na daftari. Asiyejua gari limepakwa kwa mtindo upi anaweza kumharibia mtu mali yake kwa asubuhi moja.

Chukua kitambaa cheupe, polishi kidogo, jaribu pembeni pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hiyo ni rangi ya zamani ya tabaka moja. Ule ukungu wa juu ni rangi iliyokufa kwa jua, chini yake ipo nzima. Kisipotoka na rangi, unasugua lile tabaka la kioo, nalo ni jembamba. Likishaanza kubanduka mabaka mabaka, polishi haina kazi. Hapo ni kupaka upya, na pesa za kupaka upya nani anazo?

Mwezi uliopita mzee mmoja alileta pikapu aliyotoka nayo Palma baada ya shambulio la Machi 24, 2021. Nyekundu imegeuka kama embe bovu, ubavuni mikwaruzo ya miiba. Anabeba abiria, na abiria wanachagua gari linaloonekana zima. Vijana wakataka kupitisha msasa wa maji gari lote. Mzee akawaambia, "Wanangu, mikwaruzo mirefu iacheni. Mkiifuata mtafika kwenye bati." Alikuwa sahihi. Kitambaa kilitoka chekundu, basi tukasugua kwa mkono, kidogo kidogo, tukikwepa kwenye kona za bodi maana huko rangi huisha mapema. Tukamaliza kwa nta. Siku mbili nzima.

Wapo wanaopaka dizeli ing'ae haraka. Inang'aa kweli, mpaka barabara ya kwanza ya vumbi.

Na ndugu zetu wa mashirika, magari yenu meupe nayo yanachakaa, ila weupe unaficha. Pitisha kiganja kwenye boneti: ukiona unga kama chaki, jua limeshaanza kula.

Kazi yote inaanza na maji, kwa sababu chumvi na mchanga vikibaki unasugua gari kwa msasa bila kujua. Ndoo mbili zinatosha, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Tunazichota jioni, akina mama wakishamaliza foleni.