Leseni Kabla ya Ujasiri: Maisha ya Mo Ibrahim Yakisomwa kutoka Lulindi

Jina la Mohamed Ibrahim, mwanzilishi wa kampuni ya simu ya Celtel, ni la kawaida katika mafunzo ya ujasiriamali, na maisha yake husimuliwa kwa mpangilio uleule. Ni Mnubi aliyezaliwa Sudan mwaka 1946 na kukulia Alexandria, mhandisi aliyepata shahada ya uzamivu Birmingham. Mwaka 1989 aliacha kazi nzuri British Telecom akaanzisha kampuni yake ya ushauri, MSI, na mwaka 1998 akaona soko la simu Afrika, mahali ambapo makampuni makubwa ya Ulaya yaliona vita na umaskini tu. Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola za Marekani bilioni 3.4. Kijana anayesikiliza huondoka akiamini kwamba milango humfungukia anayethubutu. Makala haya yanadai kwamba funzo hilo lina upungufu unaopotosha, na kwamba upungufu wenyewe huonekana wazi zaidi kwa anayeyasoma maisha hayo akiwa Lulindi, Masasi au Newala, kusini-mashariki mwa Tanzania, kuliko kwa anayeyasoma akiwa London au Nairobi.

Yapo tusiyobishania. Ibrahim alikuwa mhandisi hodari, na hesabu yake kwamba Mwafrika wa kipato cha chini angeweza kulipia simu kidogokidogo kwa vocha ilikuwa sahihi wakati wengi waliona ni ndoto. Ninachokataa ni hatua inayofuata katika masimulizi: kwamba mtandao ulienea kadiri ya upana wa maono ya mwasisi wake. Dai hilo linapimika, na linapopimwa kwenye ukingo wa Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, haliwezi kusimama.

Ushahidi wangu mkuu ni huduma iliyoitwa One Network. Septemba 2006 Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja aliyevuka mpaka Namanga au Mutukula alipiga simu kwa bei ya mwenyeji, akapokea bila kukatwa salio, na vocha ya upande wowote ilimfaa. Mwaka 2007 huduma ikapanuliwa mara mbili: kwanza kwenye Kongo zote mbili na Gabon, kisha mwezi Novemba kwenye nchi nyingine sita, Malawi ikiwemo. Wanaomsifu Ibrahim huiona huduma hii kama kilele cha ndoto yake ya Afrika isiyo na mipaka. Hawakumbuki kutaja kwamba ilipoanza alikuwa ameshaiuza kampuni, ingawa bado alikuwa mwenyekiti wake.

Tuiweke ramani hiyo juu ya kusini-mashariki mwa Tanzania. Wenyeji wa Masasi ni Wamakua, Wayao na Wamakonde. Newala, kwenye uwanda wa juu, wengi ni Wamakonde. Hakuna hata kabila moja kati ya hayo linaloishia mtoni. Wamakonde wana ndugu zao Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, na vita vya ukombozi vya FRELIMO vilivyoanza mwaka 1964 viliwavusha watu wengi kuja upande huu. Wamakua wameenea kaskazini yote ya Msumbiji. Wayao wako Tunduru, Niassa, na wengine wengi Malawi, maeneo ya Mangochi. Baada ya Novemba 2007, Myao wa Masasi mwenye laini ya Celtel na shangazi yake wa Malawi walikuwa ndani ya mtandao mmoja, japo wametenganishwa na mamia ya kilomita. Mmakonde wa Newala, anayeweza kusimama pale Shimo la Mungu akaiona Msumbiji kwa macho yake, alibaki nje.

Sababu haikuwa uhaba wa wateja, wala jiografia, wala woga wa mwekezaji. Celtel haikuwa na leseni Msumbiji. Nchi hiyo ilianza na kampuni ya umma, mCel, mwaka 1997. Kampuni ya pili iliyopewa leseni ilikuwa Vodacom, na ya tatu, Movitel, ilikuja karibu mwongo mmoja baadaye. Uamuzi kuhusu nani awekeze, na wangapi, ulikuwa wa serikali ya Maputo. Bila karatasi hiyo hakuna kiasi cha ujasiri ambacho kingesimamisha mnara wa Celtel Mueda. Mtandao uliosifiwa kwa kufuta mipaka ulikuwa umeichora upya kwa kufuata umiliki wa leseni, na mpaka mpya ukapita katikati ya koo.

Upande wetu wa mto hali inafanana. Celtel haikuingia Tanzania kama mgeni mwenye mkoba na wazo. Mwaka 2001 serikali ya Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe alizaliwa Lupaso, Masasi, iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL, kampuni ya simu ya umma, kwa ubia wa MSI ya Ibrahim na Detecon ya Ujerumani. TTCL ilikuwa mrithi wa shirika la posta na simu la Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, pamoja na nyaya, majengo na mafundi waliogharimiwa na kodi kwa miongo kadhaa. Simu ya mkononi ya Celtel ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka huohuo ikiwa kampuni tanzu ya TTCL. Zilipotenganishwa mwaka 2005, serikali ilibaki na asilimia 40 ya Celtel Tanzania. Kampuni ikawa Zain, kisha mwaka 2010 Airtel, na baada ya mvutano mrefu kuhusu uhalali wa umiliki, makubaliano ya mwaka 2019 yakaipandisha serikali hadi asilimia 49. Nani katika kisa hiki ni mjasiriamali? Mkulima wa korosho wa Lulindi, kupitia hazina ya taifa lake, alikuwa mbia tangu siku ya kwanza, lakini masimulizi yanamtaja kama mteja tu.

Hata mtaji wa mwanzo haukuwa wa wathubutu binafsi peke yao. Miongoni mwa waliowekeza Celtel walikuwamo CDC, taasisi ya serikali ya Uingereza, na IFC ya kundi la Benki ya Dunia. Hatari ambayo benki za biashara ziliikwepa ilibebwa kwa sehemu na fedha za umma.

Pingamizi moja linastahili jibu. Ibrahim aliongoza kampuni iliyokataa kutoa rushwa katika mazingira magumu, na wapo wanaosema kwamba hapo tabia ya mtu ndiyo iliyoamua. Nakubali kwamba msimamo huo ulikuwa wake na ni wa kuheshimiwa. Lakini ulidumu kwa sababu uligeuzwa kuwa utaratibu: malipo makubwa yalihitaji idhini ya bodi, na bodi ilikuwa na watu wazito ambao meneja aliyebanwa na afisa wa serikali aliweza kuwaegemea. Ibrahim mwenyewe anaelekea kuisoma historia yake hivyo. Alipopata utajiri alianzisha mwaka 2006 taasisi ya kupima na kutuza utawala bora, na tuzo yake ya kwanza, mwaka 2007, alipewa Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mtu aliyeamini kwamba ujasiri wa mfanyabiashara ndio unaotangulia angeanza na shule ya biashara.

Kwa Lulindi na Newala suala hili si la vitabuni. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, imo katika mashambulizi ya waasi. Watu wamekimbia kutoka Mocímboa da Praia na Palma, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Mtwara, kilishambuliwa pia. Familia iliyo Newala ikitaka kujua kama mjomba wa ng'ambo yu hai, inapiga simu ya kimataifa kwa bei ya kimataifa. Hata hivyo, serikali za Tanzania na Msumbiji zilipoamua kuunganisha kingo za mto, ziliweza: Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010 baada ya nchi hizo kulisubiri tangu enzi za Nyerere na Samora Machel. Kwa minara ya vijijini, Tanzania ilitunga mwaka 2006 sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa kutambua kwamba kampuni haitajenga mahali pasipo na faida.

Kinachokosekana ni makubaliano ya bei za simu zinazovuka Ruvuma. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza mwaka 2014 kupunguza gharama hizo kwa uamuzi wa serikali, bila kujali kampuni ipi inamiliki leseni wapi. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini ni mwenzetu katika SADC, na mamlaka za mawasiliano za Dar es Salaam na Maputo zina uwezo wa kuanza na wilaya za mpakani peke yake, Masasi, Nanyumbu, Newala na Tandahimba kwa upande wetu, Mueda na jirani zake kwa upande wao. Huenda kampuni zikadai hasara. Kama zitadai, ziweke wazi hesabu za simu zinazovuka mto huo, ili wachumi na wananchi wazikague.