Kizito alikuwa na umri wetu

Siku hizi hapa Namuwongo unaona wenzetu wanarudi kwenye rozari, wanafunga Kwaresima, wanasema watangoja ndoa. Wengine wanawacheka: eti hayo ni mambo ya mabibi. Ila ukisoma historia ya Uganda, utakuta mambo hayo yalishikwa kwanza na vijana.

Mapadri Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 wakaondoka, wakavuka ziwa kwenda kusini, na hawakurudi mpaka 1885. Muda wote huo padri hakuna. Nani alishika dini? Waumini wapya wenyewe, wengi wao vijana watumishi wa ikulu, wakifundishana sala na katekisimu. Mapadri waliporudi, walikuta kundi limeongezeka.

Mei 1886, Kabaka Mwanga alipoanza kuwakamata, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake kule Munyonyo, hapo chini kando ya ziwa. Mmoja wao ni Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana. Walikataa kuacha sala, na walikataa pia kabaka aitumie miili yao apendavyo.

Sisi tuliotoka Congo tuna wetu pia. Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa na miaka 26, kazi yake kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 alipewa rushwa apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025, Kanisa lilimtangaza mwenyeheri.

Nyinyi mnaotusaidia, msidhani kijana anayesali anakimbia maisha. Faili lako linaweza kukaa ofisini miaka, lakini sala haingoji muhuri. Kwa mtu aliyeacha shamba, shule na makaburi ya wazee wake, kusali kama bibi yake alivyosali ni kubaki na kitu cha nyumbani.

Na sisi vijana tusijidanganye, rozari shingoni peke yake haitoshi. Lwanga aliwakinga wadogo. Bwana Chui aliwakinga watu ambao hata hakuwajua. Hapa kwetu kuna wasichana wanaoombwa miili yao ili wapate kazi, na wazazi wanaodaiwa hongo ili wapate karatasi. Kama tumerudi kwenye imani ya zamani kweli, basi hao ndio wa kwanza wanaotakiwa kuiona.