Kipimo cha maji taka kilichotoka Uingereza

Mwaka 1896, katika mji wa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, mhandisi wa mji Donald Cameron alianzisha tangi lililofunikwa la kusafishia maji taka. Uchafu wa sehemu ndogo ya mji ulipita humo polepole, na bakteria wasiohitaji hewa wakaumeng'enya. Gesi iliyotoka ilitumika hata kuwashia taa.

Kwa miji midogo, hilo lilikuwa tumaini kubwa. Sheria ya 1876 ilizuia kumwaga uchafu mitoni, lakini serikali kuu ilisita kuidhinisha mkopo wa ujenzi ikiwa mji haukuwa na shamba la kumwagia maji taka ili udongo uyachuje. Mji usio na ardhi, au wenye udongo wa mfinyanzi, ulibanwa pande zote mbili.

Mwaka 1898 iliundwa Tume ya Kifalme kuchunguza suala hilo. Miongoni mwa wajumbe alikuwa mkemia Sir William Ramsay, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Mwaka 1901 tume ilikubali kwamba njia mpya zingeweza kusafisha maji taka bila shamba. Likabaki swali gumu zaidi: yasafishwe kiasi gani?

Jibu lilitolewa mwaka 1912, katika ripoti ya nane. Tume ilipima oksijeni inayotumiwa na maji kwa siku tano. Maji ya mto safi hutumia takriban sehemu 2 katika milioni, na yakizidi 4 mto huanza kuharibika. Maji taka yaliyosafishwa hadi 20, yakichanganyika na maji safi ya mto mara nane ya wingi wake, huleta 4 kamili. Chembe zinazoelea nazo zisizidi 30. Kwa hiyo namba 20, iliyokuja kuwa mashuhuri, haikuhusu maji taka peke yake. Ilikuwa hesabu ya mto. Penye mto mkubwa sana tume ililegeza masharti, na penye mto mdogo iliruhusu yakazwe.

Hata hizo siku tano, inasimuliwa, zilichaguliwa kwa sababu hakuna mto wa Uingereza unaochukua muda mrefu zaidi kufika baharini.

Namba zilisafiri kuliko masharti yake. Kipimo cha siku tano kimeenea duniani. Kenya, katika kanuni zake za 2006, iliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita, na Tanzania nayo iliweka 30. Lakini mto wa kuzidisha mara nane haupatikani kila msimu. Ruaha Mkuu, nchini Tanzania, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hasa kutokana na maji kuchukuliwa kwa kilimo cha umwagiliaji Usangu. Wakazi wa miji, kwa upande wao, hawaachi kuoga wala kufua kwa sababu ni kiangazi.

Uingereza yenyewe iliachana zamani na namba moja kwa wote. Huko mitambo mikubwa ya maji taka hupewa kibali chake kwa kutazama mto unaoupokea, hasa jinsi ulivyo wakati maji yamepungua.