Utelezi wa Masika na Utelezi wa Theluji

Masika yanapoanza mwezi Machi, barabara za udongo za vijiji vya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, huwa telezi. Bodaboda huanguka na abiria wake, Fuso la mahindi hukwama likaziba njia, na mgonjwa hubebwa kwa machela hadi kwenye lami. Huko Minneapolis, Marekani, walikohamia Waafrika Mashariki wengi, hasa Wasomali, adha hiyo huletwa na theluji. Ikikanyagwa hushindiliwa ikawa barafu, na watu huvunjika mifupa milangoni pao.

Minneapolis wamegawana wajibu kwa sheria. Theluji ikiisha kuanguka, mwenye nyumba ana saa 24 za kuiondoa kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya kiwanja chake. Akikaidi, jiji huiondoa na kumpelekea ankara. Barabara kuu ni kazi ya magreda na chumvi, ambayo huzuia maji kuganda, ingawa baridi kali huishinda na mabaki yake huchafua maziwa.

Huku Tanga tuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Watu hutoka na majembe na sepeto, wakafukia mashimo na kuzibua kalavati. Hapo mjane na mzee hufanyiwa kazi na wenzao, wakati mzee wa Minneapolis asiye na jamaa huweza kubaki na deni la sheria peke yake. Kwa utu, msaragambo unashinda.

Kwa wakati, unashindwa. Mara nyingi huitishwa gari likishakwama. Kabla ya hapo mtaro ulioziba ni wa wote, kwa hiyo hauna mwenyewe. Maji hutuama, udongo hulainika, magurudumu huchimba mifereji, na barabara iliyochongwa na greda la TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, huharibika ndani ya msimu mmoja.

Tuchukue jema la kila upande. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kila kaya izibue mtaro ulio mbele yake kabla ya Machi; msaragambo ubebe sehemu za wazee na makalavati; TARURA idaiwe madaraja na changarawe. Ajenda hiyo ipelekwe mkutano mkuu wa kijiji wakati jua bado linawaka.