Mkono wa Clara

Theremini, ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa, ina jina la mwanamume aliyeibuni. Sina ugomvi na hilo. Lakini aliyeifanya iwe ala ya kweli ni Clara Rockmore, na wengi wetu hatumjui.

Mwaka 1920, mwanafizikia Mrusi Lev Termen (Wamarekani walimwita Leon Theremin) alikuwa Petrograd akitengeneza kifaa cha kupima gesi. Akaona kwamba akisogeza mkono karibu na kifaa hicho, mlio unabadilika. Ndani ya theremini mna mawimbi mawili ya umeme, yote ya kasi isiyosikika kwa sikio. Tunachosikia ni tofauti iliyopo kati yake. Mkono wa kulia ukikaribia antena iliyosimama, wimbi moja hubadilika na mlio hupanda. Wa kushoto ukishuka kwenye antena ya duara, sauti hufifia.

Mwaka 1922 Termen alimwonyesha Lenin. Mwaka 1927 akafika Marekani. Miaka miwili baadaye kampuni ya RCA ikaanza kuuza theremini, ikitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuipiga. Mtu yeyote! Ala isiyo na nyuzi wala vibonyezo haikuonyeshi noti iko wapi. Ukitikisika kidogo tu, umeshaipoteza. Zilitengenezwa 500 hivi, basi, biashara ikafa.

Clara, mzaliwa wa Vilnius, alipiga fidla tangu utotoni. Lakini njaa ya utotoni ilikuwa imemdhoofisha mifupa, na mkono ukamlazimisha kuiacha kabla hajang'ara. Alipokutana na Termen mjini New York, hakuridhika na ala aliyoikuta. Alidai okteva tano badala ya tatu, na mkono wa kushoto ujibiwe haraka ili noti zikatike, zisiburutane kama king'ora. Termen akamtengenezea. Vidole alivipangia mwendo wake mwenyewe, kila kimoja kikihesabu hatua hewani, na mwaka 1934 akapanda jukwaa la Town Hall.

Termen alirudi Urusi mwaka 1938, akakamatwa na kupelekwa kambi ya Kolyma. Walionana tena mwaka 1991, yeye akiwa na miaka 95.

Clara aliacha rekodi ya mwaka 1977, iliyosimamiwa na Robert Moog, yule yule wa sinthesaiza, na mkewe. Sikilizeni humo wimbo wa batamaji wa Saint-Saëns: huwezi kujua kwamba hakuna uzi uliosuguliwa.