Mintarafu ya Idara ya Mmeng'enyo na Ini

Imenifikia hapa Keshero, mjini Goma, karatasi ya mapendekezo ya istilahi za utabibu, imeandikwa kwa taadhima na kupigwa muhuri, ambamo ile idara ya hospitali za vyuo vikuu inayoshughulika na maradhi ya umio, tumbo, utumbo, nyongo, kongosho na ini imepewa lakabu ya "Idara ya Mfumo wa Chakula na Ini". Na kwa kuwa niliwahi kuipelekea kamati iliyoiandika neno lililo bora, nikajibiwa kwa kimya, naona ni haki yangu kuitoa hoja yangu mbele ya wasomaji, ambao huenda wakawa na masikio.

Sikatai kwamba lakabu hiyo ina wafuasi. Hata magazeti ya Dar es Salaam humtaja bingwa wa maradhi haya kuwa daktari wa mfumo wa chakula na ini. Walakini mazoea si hoja. Mwezi wa Septemba 2021 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano mkuu juu ya mifumo ya chakula, na mada yake ikawa mashamba, masoko na njaa, si umio wala kongosho. Nenda basi ukamwambie mama wa Keshero, aliyekwisha kupanga foleni ya unga wa PAM, Mpango wa Chakula Duniani, katika vita zaidi ya kimoja, kwamba kesho ataonana na daktari wa mfumo wa chakula: atakuja na gunia.

Tuliangalie neno lenyewe. Mfumo latokana na fuma, kazi ya mfumaji apitishaye uzi juu na chini ya uzi mwenziwe hata ikapatikana nguo, na si kosa kulihamisha likamaanisha viungo vilivyosukana kwa kazi moja; kosa ni kuvitaja viungo na kuinyamazia kazi. Wazungu, walipoazima kwa Wagiriki, walihesabu viungo tu, gaster, yaani tumbo, na enteron, yaani utumbo, wakalisahau ini, hata ikawabidi waliundie elimu yake peke yake kwa neno hepar. Waarabu walikuwa werevu zaidi: wao husema al-jihaz al-hadhmi, chombo cha kumeng'enyea, wakaitaja kazi kwanza, na jihaz hilo, kwa apendaye nasaba za maneno, ni ndugu wa jahazi letu. Na istilahi yenyewe, ambayo kamati zetu hujinadi kwayo, yatoka katika shina moja na suluhu: ni jambo waliloafikiana watu. Sijui waandishi wa karatasi hii wameafikiana na nani.

Neno ninalolitetea ni mmeng'enyo. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo vidogo, na vitabu vya shule vya Tanzania vimekwisha kulitumia kwa yale ambayo meno, tindikali ya tumbo na nyongo hukifanyia chakula. Sikulibuni mimi, nililodai ni kwamba litolewe darasani likapandishwe juu ya mlango wa idara. Wapo waliocheka wakasema "Idara ya Tumbo" yatosha, maana mgonjwa wa Goma husema "tumbo inaniuma" na basi. Lakini tumbo ni la uzazi pia, na nusu ya wanawake wangeelekezwa kwa mkunga.

Ini nimeliacha lisimame kwa jina lake, ijapokuwa lashiriki katika mmeng'enyo kwa nyongo linayoitoa, kwa sababu virusi vyake, kichocho chake na saratani yake vina watafiti wake mahsusi. Lau kamati ingekuwa na mtu wa kufikiri, angenikabili kwa msiba wa Makueni na Kitui, huko Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu yalipowaharibu ini watu 317 na kuwaua 125, akasema: je, huo si mfumo wa chakula? Ningemjibu kwamba sumu iliingia ghalani, jambo la bwana shamba, na ikaua kitandani, jambo la tabibu, na idara hizo mbili hazipaswi kugombania kibao kimoja. Watu wa pwani husema "kukata maini" kwa uchungu upitao kiasi, na jirani zetu wa Gisenyi, huko Rwanda, huliita ini umwijima, neno lile lile walitumialo kwa giza. Wote wamelitambua ini kuliko hao waliotuletea "homa ya ini", ilhali mwenye virusi vya B vya muda mrefu aghalabu hana homa yoyote, akasikia jina hilo akaenda kununua dawa ya malaria.

Kwa matumizi: mtaalamu ni tabibu wa mmeng'enyo, na vitengo ni vya umio na tumbo, utumbo, ini, nyongo na kongosho, na kile cha kuchungulia kwa mpira wenye kamera.

Nawasihi walimu wa udaktari wa Goma waandike katika mitaala yao "Idara ya Mmeng'enyo na Ini" bila kungoja muhuri wa mtu. Na kamati ikipenda kunijibu safari hii, na inijibu kwa hoja.